Kutunga Shanga kwa Kompyuta: Namna ya Kutengeneza Brashi Zako Mwenyewe Ndani ya GIMP

Kadi ya arusi ya kwanza niliyoipamba kwa shanga ilinikesha. Nilichora ushanga mmoja, nikaunakili, nikaubandika, nikausogeza kwa kipanya mpaka ukagusana na mwenzake, kisha nikarudia. Shanga mia na sitini na kitu kuzunguka kadi nzima. Asubuhi mama wa bibi arusi akaja dukani kwangu hapa Langoni, mjini Lamu, akaitazama kadi kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Mashallah, mwanangu, imependeza. Lakini sare yetu ni feruzi, si nyekundu." Akainama karibu zaidi, akaongeza: "Na mbona zote zimeshabihiana kama zimezawa siku moja?"

Lile la rangi lilinikera tu. Hilo la pili ndilo lililonifundisha kazi.

Mtu anayetunga shanga za kweli hachongi ushanga kila anapotaka kuutia kwenye uzi. Shanga ziko ndani ya kikopo. Yeye huchagua, hupanga, huvuta uzi. Brashi ya programu ya picha ndiyo kikopo hicho: unachora mara moja, unatunga miaka. Na ukishakuwa na kikopo, utagundua kwamba ugumu hauko kwenye kuchora ushanga. Uko kwenye uzi, yaani nafasi kati ya ushanga na ushanga, na kwenye tofauti ndogo ndogo zinazofanya safu ionekane imetungwa na mkono. Mwongozo huu nimeuelemeza huko.

Natumia GIMP, programu ya picha isiyolipiwa iliyoanza kutolewa mwaka 1996, na inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kompyuta yangu ina toleo la 2.10, lile la mwaka 2018. Toleo la 3.0 lilitoka 2025, na kwa upande wa brashi hutapotea njia. Sikuichagua kwa sababu ya ubure peke yake. Photoshop ukiigeuza picha kuwa brashi, inazikausha rangi zake. Hubaki umbo linalopakwa kwa rangi moja uliyoishika wakati huo. GIMP inakuachia ushanga na rangi zake na mng'ao wake. Majina ya menyu nitayaandika kama yalivyo kwenye kioo, ili macho yako yajue yanatafuta nini.

Kwanza tazama ushanga wa kweli

Usianze na kompyuta. Mimi nilikwenda Mkomani kwa shangazi yangu nikamwomba kikopo chake cha shanga, kilichokuwa kimekaa ndani ya kidaka cha ukutani tangu sijui lini. Tukatoka nacho kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, maana nyumba zetu za kale vyumba vina kiza na jua hushukia uani. Nikazimwaga shanga juu ya kitambaa cheupe, nikazipiga picha kwa simu.

Nilidhani najua ushanga unafananaje. Sikuwa najua. Ushanga wa kioo, upande wa juu linakotoka jua, una doa dogo jeupe, kali. Upande wa chini, ambako nilikuwa nikichora giza tupu, kuna mwezi mwembamba wa mwanga hafifu: mwanga umepenya kioo ukajikusanya upande wa pili, na mwingine umerudishwa na kitambaa. Kiza chenyewe kiko katikati ya hayo mawili. Na pale uzi unapoingilia na unapotokea pana kivuli kidogo, kama kishimo. Marijani haina mwezi huo wa chini kwa kuwa mwanga hauipenyi. Doa lake ni pana na limefifia. Lulu ina doa laini zaidi, na ukingo wake una kijivu chenye chembe ya waridi. Simbi, ile kombe ndogo ya baharini, si duara, na ina ule mdomo wa meno ambao ukiusahau imekuwa punje ya maharage.

Shangazi alizichambua huku akinieleza ipi ilikuwa ya utunda, shanga za kiunoni, na ipi ya kidani. Kisiwani Pate, si mbali na hapa, kuna magofu ya mji uitwao Shanga, na wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi pale miaka ya 1980 walizitoa ardhini shanga za kioo na za mawe. Hatuanzi leo.

Unaweza kukata ushanga kutoka kwenye picha ya simu na kuufanya brashi moja kwa moja. Nilijaribu. Ukipunguzwa hadi milimita 4 huwa kama tope, kwa sababu picha ina chembe chembe na vivuli visivyohitajika. Picha iweke pembeni uwe unaitazama, na ushanga uchore.

Kuchora ushanga mmoja

Nenda "File", kisha "New". Upana pikseli 200, urefu pikseli 200. Fungua "Advanced Options", na pale pa "Fill with" chagua "Transparency". Turubai itajaa miraba midogo ya kijivu. Maana yake hapana kitu, ni uwazi. Ukisahau jambo hili ushanga wako utazaliwa ndani ya kiboksi cheupe na kila utakapoutia utakuja na kiboksi chake.

Kwa nini 200, na ushanga wa kadi ni mdogo? Kazi ya kuchapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, ushanga wa milimita 4 hula pikseli 47 tu. Lakini brashi hupunguzwa bila madhara makubwa, na hukuzwa kwa hasara. Ushanga wa pikseli 180 unafika milimita 15 kwenye karatasi kabla haujaanza kuonyesha ukungu.

Bonyeza herufi E upate kifaa cha kuchagua duara. Kwenye maelezo yake washa "Antialiasing", ili ukingo usiwe na meno. Washa pia "Fixed", chagua "Size", andika 180x180, kisha bofya kwenye turubai na uliweke duara katikati: nafasi ya 10 kwa 10.

Sasa rangi. Rangi ya mbele iwe nyekundu nyepesi ya marijani (mimi natumia namba f2816b), ya nyuma iwe nyekundu nzito (7a1414). Bonyeza G upate kifaa cha rangi inayofifia, hakikisha ni ile ya kutoka rangi ya mbele kwenda ya nyuma, na pale pa "Shape" chagua "Radial". Bonyeza kwenye duara, theluthi moja kutoka juu kushoto, vuta hadi ukingo wa chini kulia, achia, kisha Enter. Tayari una tufe. Usianzie kuvuta katikati kabisa ya duara. Utapata shabaha, si ushanga.

Doa la mwanga liwe kwenye tabaka lake: "Layer", "New Layer", lenye uwazi. Ondoa uteuzi wa duara kwa Shift+Ctrl+A, zima "Fixed", washa "Feather edges" kiasi cha 5, chora duara bapa la kama pikseli 45 kwa 30 juu kushoto, geuza rangi ya mbele iwe nyeupe, kisha lijaze kwa "Edit", "Fill with FG Color". Punguza ung'avu ("Opacity") wa tabaka hilo hadi 85. Kwa marijani panua doa na ulishushe hadi 50.

Mwezi wa chini ndio unaotofautisha ushanga wa kioo na kitufe cha plastiki. Bofya kulia kwenye tabaka la kwanza, chagua "Alpha to Selection". Duara lote litazungukwa na vistari vinavyotembea, na chochote utakachopaka hakitatoka nje yake. Tengeneza tabaka jipya, shika brashi laini ya duara yenye ukubwa wa 20 na ung'avu wa 35, rangi nyepesi, na upitishe mara moja tu kwenye ukingo wa chini kulia. Mara moja tu, nasema, kwa sababu najua utamu wake. Kisha kwa rangi nzito, gusa kidogo ncha ya kushoto na ncha ya kulia, katikati ya urefu: hivyo ndivyo vishimo vya uzi.

Kabla ya kuongeza kitu kingine, punguza "Zoom" hadi asilimia 25. Hapo ndipo ushanga utaonekana kwa ukubwa wake wa kadi. Kama mwezi hauonekani, uongeze. Kama kuna urembo mwingine usioonekana, ufute. Niliwahi kuchora mshipa mwembamba ndani ya akiki kwa nusu saa nzima, na hakuna mwanadamu aliyewahi kuuona.

Hifadhi kwa "File", "Save", likiwa faili la XCF lenye matabaka yote. Fanya hivyo sasa hivi, maana stima hupotea bila kupiga hodi. Faili hili ndilo mbegu. Utalirudia kila utakapotaka ushanga wa aina nyingine.

Kuugeuza kuwa brashi

Nenda "Image", "Merge Visible Layers", matabaka yaungane. Kuna chaguo jirani liitwalo "Flatten Image". Hilo usiliguse, kwani hujaza uwazi wote kwa rangi ya nyuma na kukurudishia kile kiboksi. Kisha "Image", "Crop to Content", turubai ibane ushanga kabisa, pikseli 180 kwa 180. Kubana huku ni lazima: programu hupima nafasi kwa ukubwa wa turubai, haijui ushanga unaishia wapi.

"File", "Export As". Jina liishie kwa .gbr, mfano ushanga-kioo.gbr. Liweke kwenye folda ya brashi. Ukitaka kuijua iko wapi kwenye kompyuta yako, fungua "Edit", "Preferences", "Folders", "Brushes", utaiona njia yake. Ukibonyeza kuhifadhi, kidirisha kitauliza maelezo, ambayo ndiyo jina litakaloonekana kwenye orodha, na "Spacing". Andika 100 kwa sasa. Rudi kwenye orodha ya brashi, bonyeza kile kitufe cha mshale unaozunguka, ushanga utatokea.

Bonyeza P. Ni P, si N, kwani N ni penseli na penseli hukata ukingo kwa ukali. Chagua ushanga, ukubwa 47, "Dynamics Off", ung'avu 100, "Hardness" 100. Piga mstari.

Nafasi ya uzi

Mara nyingi mstari wa kwanza hutoka kama jongoo: shanga zimelaliana mpaka hakuna ushanga unaoonekana mzima. Sababu ni kwamba maelezo ya brashi yanayokaa chini ya kifaa yana "Spacing" yake, na hushinda ile uliyoandika ndani ya faili. Pembeni yake kuna kitufe kidogo cha kuirudisha kwenye kipimo asili cha brashi. Kibonyeze.

Namba hiyo ni asilimia ya upana wa ushanga. Kwa 100, ushanga unaanzia pale mwenzake alipoishia. Kwa 200, pana nafasi ya ushanga mmoja mtupu. Vitabu vya maelekezo hukwambia weka 100 uende zako, lakini tandaza utunda wa kweli mbele yako uone. Shanga ndogo za kioo si tufe kamili. Zimebapa pale zinapokutana, na uzi ukivutwa hukandamizana. Duara kwa duara zikigusana kwa nukta moja tu, jicho huona pengo la pembetatu juu na chini, na safu inaonekana imelegea. Kwa shanga ndogo mimi huweka 94 au 95. Kwa marijani na lulu, ambazo ni kubwa na ndizo zinazotazamwa moja moja, 100. Kwa kidani ambacho nataka uzi uchungulie, 110 hadi 115, na uzi wenyewe nitaeleza unakotokea.

Ukishuka chini ya 90 utaona kila ushanga umempanda aliyetangulia, kama magamba ya samaki, na mtu atajua ulianzia upande gani. Mara nyingine hilo ni pambo zuri. Kwa shanga, hapana.

Shanga zisizozawa siku moja

Sasa lile neno la mama wa bibi arusi. Brashi ya .gbr hurudia ushanga ule ule kwa uaminifu wa mashine. Dawa yake ni brashi ya aina ya pili, inayoishia kwa .gih, ambayo hubeba shanga kadhaa ndani ya faili moja na kuzitoa kwa zamu au kwa bahati nasibu.

Fungua tena faili lako la XCF, unganisha matabaka, bana turubai, na ulihifadhi kwa jina jingine. Kisha "Layer", "Duplicate Layer", mara nne, upate shanga tano. Ya kwanza iache. Ya pili ipunguze kwa "Layer", "Scale Layer" hadi 172, kisha "Layer", "Layer to Image Size" ili tabaka lirudi kuwa na ukubwa wa turubai. Ya tatu ipitishe kwenye "Colors", "Hue-Saturation" na usogeze rangi kwa alama 4 tu. Ya nne itie kiza kidogo. Ya tano ipunguze kimo kwa pikseli chache bila kugusa upana, halafu "Layer to Image Size" tena, maana shanga za kioo haziwi duara la bikari.

Kipimo cha tofauti ni hiki: ukizitazama mbili mbili, usione tofauti kirahisi, ukitazama safu ya hamsini, uone uhai. Mara ya kwanza nilizidisha, kadi ikatoka kama shanga zilizookotwa njiani. Na kitu kimoja kisibadilike kamwe, nacho ni upande wa doa la mwanga. Jua ni moja.

"Export As", jina liishie kwa .gih. Kidirisha kitakuja na maswali mengi yanayotisha bure. "Spacing" 95. "Cell size" iwe 180 kwa 180. "Number of cells" 5. "Dimension" 1. "Ranks" 5, na kando yake chagua "random". Basi. Onyesha upya orodha, piga mstari, na utaona tofauti bila kuambiwa.

Ukitaka mpangilio wa kudumu, kwa mfano marijani mbili, feruzi moja, lulu moja, matabaka yawe manne kwa mpangilio huo na badala ya "random" uchague "incremental". Mfuatano ukitoka kinyume na ulivyotaka, tumia "Layer", "Stack", "Reverse Layer Order" na uhifadhi upya. Kijana mmoja aliniuliza kama anaweza kufanya tasbihi ya shanga 33 na kitenganishi chake ndani ya brashi moja. Anaweza, kwa matabaka 34, lakini ni kazi ya kujitesa. Piga safu, kisha gusa kitenganishi mara moja kwa brashi nyingine.

Shanga ndefu kama vibomba zinahitaji kugeuka kufuata mstari. Pale penye "Dynamics" chagua "Track Direction". Lakini kumbuka, ushanga ukigeuka na doa lake hugeuka nao, na kwenye kidani cha mviringo utaona jua linazunguka shingo. Kwa vibomba, doa lichore kama mstari mwembamba unaokwenda urefu wote wa ushanga, katikati, hapo halitashtukiwa. Shanga za duara ziachie "Dynamics Off".

Mteja akibadilisha rangi

Kuna njia mbili na moja naipenda zaidi. Ya kwanza ni kugeuza ushanga kuwa wa kijivu, "Image", "Mode", "Grayscale", na kuuondolea uwazi kwa "Layer", "Transparency", "Remove Alpha Channel". Brashi ya namna hii hupaka rangi yoyote uliyoishika: palipo cheusi hupaka kwa nguvu, palipo cheupe hapapaki kitu. Tatizo ni kwamba doa la mwanga, kwa kuwa ni jeupe, huwa tundu. Juu ya karatasi nyeupe huwezi kulitambua. Juu ya kadi ya kijani, ushanga una tundu la kijani kichwani.

Njia yangu: chora ushanga wa kijivu lakini uache na uwazi na rangi kamili, usiubadilishe "Mode". Tunga shanga zote kwenye tabaka lao peke yake, halafu "Colors", "Colorize", uchague feruzi, yakuti, chochote. Doa hubaki jeupe, kiza hubaki kiza, katikati ndiko kunakobadilika. Brashi moja ya kijivu inanitosha kwa arusi zote za mwaka, na mteja anachagua rangi akiwa amesimama hapo hapo. Za marijani na lulu nimezihifadhi na rangi zao, kwa sababu uzuri wa lulu uko kwenye rangi mbili mbili ambazo "Colorize" huziua.

Kutunga

Kila safu iwe kwenye tabaka jipya. Mstari mnyoofu: gusa mwanzo, shika Shift, gusa mwisho. Ukiongeza Ctrl, mstari utafuata pembe zilizopangwa, usipinde.

Kidani: bonyeza B, gusa bega la kushoto, gusa chini katikati huku ukivuta upate mkunjo, gusa bega la kulia. Rekebisha mkunjo mpaka uridhike, kisha kwenye maelezo ya kifaa bonyeza "Stroke Path", chagua "Stroke with a paint tool", na "Paintbrush". Shanga zitajipanga zenyewe kwenye njia uliyochora. Usijaribu kuchora kidani kwa mkono na kipanya. Mkono hutetemeka na shanga hazisamehi.

Pindo la kadi ndilo linalowasumbua wengi, kwa sababu safu huzunguka vizuri pande zote nne halafu ikirudi ilikoanzia hukuta nusu ushanga. Hesabu kabla. Kadi ya A5 ni pikseli 1748 kwa 2480. Ushanga wa 47 mara 33 ni 1551. Mara 49 ni 2303. Basi chukua kifaa cha kuchagua mstatili, "Fixed", "Size", andika 1551x2303, uweke mwanzo wake 98 kutoka kushoto na 88 kutoka juu. "Edit", "Stroke Selection", "Paintbrush", nafasi 100. Shanga 164, na zitafunga. Hata hivyo programu huzungusha hesabu za pikseli, na pengine pembe moja itabaki na kapengo kembamba. Mtunga shanga hufanya nini na fundo la uzi? Hulificha ndani ya ushanga mkubwa. Weka ushanga mkubwa wa ukubwa wa 80 kwenye kila pembe, siyo ile yenye kasoro tu.

Ukitaka mfano wa mpangilio, tandaza kanga. Pindo lina uzito, mji, yaani katikati yake, una nafasi, jina liko chini na halibanwi. Kadi nyingi nizionazo zimejazwa shanga mpaka jina la bwana arusi halina pa kupumua. Safu moja ya pindo, pengine kidani kidogo juu, na "Chanda chema huvikwa pete" chini kwa herufi safi. Inatosha.

Kivuli na uzi

Kivuli usikitie ndani ya brashi. Nilifanya hivyo mwanzoni, na kila ushanga ukamwangushia kivuli mwenzake aliyetangulia usoni. Safu ikawa kama watu wanaopigana mabega. Tena kivuli hupanua turubai upande mmoja, na hesabu yote ya nafasi huharibika. Tunga kwanza. Kisha, ukiwa kwenye tabaka la shanga, "Filters", "Light and Shadow", "Drop Shadow". Vipimo vinavyokuja na programu ni vikubwa mno kwa shanga: weka 4 kwenda kulia, 4 kwenda chini, ukungu 6, na nguvu ya 0.4. Kivuli kimoja kwa safu nzima, na safu huinuka kutoka kwenye karatasi.

Uzi nao ni tabaka chini ya shanga. Tumia njia ile ile ya kidani, "Stroke Path" tena, lakini kwa brashi ya duara ya kawaida yenye ukubwa wa 3, rangi ya kahawia au dhahabu. Utachungulia katikati ya shanga zenye nafasi ya 110. Zilizo 95 hazihitaji uzi. Hauonekani hata kwenye shanga za kweli.

Kuhifadhi na kuchapa

Nakili folda nzima ya brashi kwenye flashi. Kwenye kompyuta nyingine unaibandika ndani ya folda ya brashi ya huko, basi. Krita, programu nyingine ya kuchora, nayo husoma .gbr na .gih. Kwa rafiki wa Photoshop mpe ushanga kwa faili la picha la PNG ajitengenezee, umtahadharishe kuhusu rangi. Majina ya mafaili yawe na aina, namna na nafasi: kioo-nasibu-95, lulu-moja-100. Mimi nilianza na "brashi1", "brashi2", "brashi mpya", "brashi mpya kabisa", na siku moja nikapeleka kwa mchapaji pindo la simbi badala ya lulu.

Usichape kadi mia bila jaribio. Kata pembe moja ya pindo yenye shanga kama ishirini, ichape kwenye karatasi ile ile ya kadi, iache ikauke. Nyekundu nzito hushuka kiza zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, kwa hivyo pandisha mwanga wa shanga kidogo. Kisha ishike kwa mkono ulionyooshwa, umbali ambao mgeni ataishika akiwa amesimama dakani, mlangoni pa nyumba, anasoma siku na saa. Ukiona shanga, ichape. Ukiona vidoa vyekundu tu, rudi kwenye XCF uongeze ule mwezi wa chini.